Kupimwa ADHD kwa kulipia Uingereza na kuipata dozi inayokufaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wazima wanaozungumza Kiswahili na wanaoishi Uingereza, wanaohisi huenda wana ADHD (hali ya akili ya kukosa umakini, kutotulia na kufanya mambo kwa pupa) na wanafikiria kulipa wenyewe badala ya kungoja foleni ya NHS, huduma ya afya ya umma. Nimeipitia njia hii na nimewasindikiza wengine. Mimi si daktari, kwa hiyo usianze, usiongeze wala usiache dozi yoyote kwa sababu umeisoma hapa. Ninachokisisitiza kuliko vyote ni hiki: wengi huulizia bei ya kupimwa, wachache huulizia miezi inayofuata. Pesa nyingi, uchovu mwingi, na nafuu yenyewe, vyote viko kwenye hiyo miezi.

Nitajuaje kama nina sababu ya kupimwa, au ni uchovu wa maisha tu?

Kila mtu hupoteza funguo, na kila mtu huchoka akili baada ya zamu za usiku mfululizo. Daktari hataangalia wiki hii ulivyo, ataangalia maisha yako yote. Vigezo vya DSM-5, mwongozo wa kutambua magonjwa ya akili, vilivyotolewa Marekani mwaka 2013 na kutumiwa sana Uingereza, vinataka mtu mzima awe na dalili zisizopungua 5 kati ya 9 za kukosa umakini, au zisizopungua 5 kati ya 9 za kutotulia na kufanya mambo kwa pupa. Dalili kadhaa ziwe zilianza kabla ya miaka 12. Zionekane sehemu zaidi ya moja, kwa mfano kazini na nyumbani. Na ziwe zinakuharibia mambo.

Hilo la mwisho ndilo watu hulipuuza. Barua za council ambazo hazijafunguliwa, faini za kuchelewa kulipa, kozi tatu zilizoanzwa na kuachwa katikati, kazi uliyoachishwa kwa kuchelewa ingawa ulikuwa mchapakazi kuliko wenzako, nyumba ambayo mwenzako amechoka kukukumbusha kila kitu. Hayo ndiyo daktari anayoyatafuta.

Kuna fomu fupi ya kujichunguza ya Shirika la Afya Duniani, yenye maswali 18, sita ya mwanzo yakiwa ndiyo ya mchujo. Ijaze, lakini usiichukue kama jibu. Na kabla hujatoa senti, mwombe GP (daktari wako wa mtaa) akupime damu. Tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa na upungufu wa damu huvuruga umakini. Kukosa usingizi, sonona na majeraha ya moyoni ya vita au ukimbizi hufanya vivyo hivyo. Mtu anaweza kuwa na hayo pamoja na ADHD, lakini anaweza pia kuwa na hayo peke yake.

Kwani NHS haipimi bure?

Inapima. Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, wa mwaka 2008 uliweka wazi kwamba ADHD si ya watoto tu, na mwongozo unaotumika sasa, NG87 wa mwaka 2018, unasema hivyo hivyo. Tatizo ni foleni, ambayo katika maeneo mengi ni ya miaka.

Lakini kabla ya kulipa, kama unaishi England, mwulize GP wako kuhusu haki ya kuchagua. Tangu mwaka 2014, mgonjwa anayepewa rufaa ya afya ya akili ana haki ya kuchagua nani atamwona, zikiwemo baadhi ya kliniki binafsi zenye mkataba na NHS. Kliniki ni ya binafsi, bili ni ya NHS. Foleni zake nazo zimerefuka, na si kila mahali utapata dawa kwa haraka baada ya kupimwa, lakini naona ni kosa kubwa kwa mtu kukopa pesa kabla hajaiulizia. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hawana haki hiyo.

Itanigharimu kiasi gani kwa jumla?

Kupimwa peke yake huanzia mamia kadhaa ya pauni na huweza kuzidi elfu moja, kutegemea kliniki na nani anakupima. Hiyo ni bei ya mlangoni. Ndani kuna bei nyingine: miadi ya kufuatilia dozi, ada ya kila cheti cha dawa, na dawa zenyewe. Dawa za kila mwezi kwa cheti cha kulipia zinaweza kufika karibu pauni 100 kwa baadhi ya aina, wakati kwa cheti cha NHS huko England ungelipa pauni 9.90 (bei ya tangu Mei 2024), na Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini usingelipa kitu.

Kwa hiyo piga hesabu ya miezi sita, si ya siku moja. Kama una pesa ya kupimwa tu na huna ya kutafuta dozi, utabaki na ripoti nzuri kwenye droo na maisha yale yale. Nimeona watu wakikaa hivyo mwaka mzima, na inauma kwa sababu walikuwa wameshavuka sehemu ngumu.

Nitaitambuaje kliniki ya kuaminika?

Mei 2023 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha baadhi ya kliniki za kulipia zikitoa majibu ya ADHD baada ya mahojiano ya haraka mtandaoni. Baada ya hapo GP wengi waliongeza tahadhari, na ripoti dhaifu sasa hukataliwa. Kwa hiyo uliza mapema, tena kwa maandishi:

Nani hasa atanipima? Wakupe jina lake. Daktari utamkuta kwenye rejesta ya GMC, muuguzi kwenye ya NMC, mwanasaikolojia kwenye ya HCPC, na zote zinaangaliwa bure mtandaoni. NICE inataka mpimaji awe daktari wa akili au mtaalamu mwingine mwenye mafunzo na uzoefu wa kutambua ADHD.

Kliniki imesajiliwa CQC, msimamizi wa huduma za afya? Hiyo ni kwa England.

Mahojiano yatachukua muda gani? Dakika ishirini hazitoshi kuzungumzia maisha ya mtu mwenye miaka arobaini.

Je, mnaandika dawa na kufuatilia dozi wenyewe, au mnapima tu? Foleni ya kuanza dawa ni ya muda gani baada ya majibu? Mwanasaikolojia anaweza kukupima vizuri sana, lakini hawezi kukuandikia dawa.

Kisha geuka upande wa pili. Mpigie GP wako umwulize: nikipata majibu kutoka kliniki hii, mtakubali kuendelea na dawa? Swali hilo moja limewaokolea watu pesa nyingi, na nitalirudia chini.

Siku ya kupimwa kunakuwaje?

Mara nyingi ni kwa video. Utakuwa umeshajaza fomu, na pengine mtu wa karibu amejaza ya kwake. Mpimaji hupitia dalili moja moja, akitaka mifano ya sasa na ya utotoni. Wengi hutumia mahojiano yaliyopangwa yanayoitwa DIVA. Ataulizia pia usingizi, huzuni, wasiwasi, pombe, dawa za kulevya, ajali, shule, kazi, ndoa, na magonjwa ya moyo katika ukoo. Baadhi ya kliniki huongeza kipimo cha kompyuta kinachopima umakini na jinsi unavyojitikisa, lakini kipimo hicho peke yake hakitoi jibu.

Andika mifano yako mapema kwenye karatasi. Sisi tumelelewa kujikaza na kujibu "salama" hata nyumba ikiungua. Mbele ya mpimaji usifanye hivyo. Akikuuliza kama unamaliza kazi zako, na ukweli ni kwamba unazimaliza saa nane usiku huku unatetemeka kwa sababu tarehe ya mwisho ni kesho, sema hivyo, usiseme "ndiyo, namaliza".

Mama yangu yuko Tanga na daktari anataka mtu anayejua utoto wangu. Nifanyeje?

Hili huwatisha watu bure. Mama anaweza kujibu kwa simu, na kliniki nyingi zitakubali mkalimani au majibu yaliyoandikwa. Kama wazazi wametangulia mbele ya haki, dada mkubwa, shangazi, au rafiki uliyesoma naye bweni moja anafaa. Ukikosa wote, mweleze mpimaji. Haimaanishi huwezi kupimwa.

Shida kubwa kwa kawaida huwa ni maswali yenyewe. Ukimwuliza mama kama ulikuwa na tatizo lolote utotoni, atasema hapana, mwanangu alikuwa mzima, anamshukuru Mungu. Anadhani unamlaumu kwa malezi. Mwulize mambo ya kuonekana: Mama, ukinituma dukani nilirudi na nini? Sweta za shule nilipoteza ngapi? Nilikaa kitako wakati wa kula? Nilichapwa shuleni kwa kosa gani zaidi? Hapo utasikia hadithi ambazo hujawahi kuzisikia. Mama mmoja aliyekuwa amekataa katakata aliishia kucheka akisimulia jinsi mwanawe alivyotumwa kununua mafuta ya taa akarudi magharibi na mpira.

Ripoti za shule nazo ni dhahabu. "Ana uwezo lakini hajitumi", "anaongea sana darasani", "kazi yake si nadhifu": maneno hayo ya mwalimu wa darasa la tatu yana uzito kuliko kumbukumbu yako ya leo. Mwombe ndugu apekue kwenye sanduku na akutumie picha.

Familia inasema ni uvivu, au nimepotea kiimani.

Dua na tiba havigombani. Uvivu ni kutotaka. Mtu mwenye ADHD hukaa mbele ya kazi anayoitaka kwa moyo wote na hawezi kuianza. Huna haja ya kuwashawishi wote kabla ya kupimwa, na wengine watakuja kuelewa kwa kukuona, si kwa kukusikia.

Nikishaambiwa ninayo, lazima nimeze dawa?

Hapana. NICE inashauri mtu mzima apewe dawa pale ambapo, hata baada ya kurekebisha mazingira, dalili bado zinamwathiri sana katika angalau eneo moja la maisha. Kuna ushauri nasaha, kuna mbinu za kupanga siku, kuna haki zako kazini chini ya Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, na kuna mpango wa serikali uitwao Access to Work unaoweza kulipia msaada kazini. Lakini nitasema wazi: kwa wengi dawa ndiyo inayofanya hizo mbinu zishikike.

Dawa gani hutumika?

Kwa watu wazima, za kwanza ni mbili, nazo ni za kundi la vichangamshi: lisideksamfetamini (Elvanse) na methilfenideti (Concerta XL na nyingine nyingi). Methilfenideti ya kawaida hufanya kazi saa tatu hadi nne, kwa hiyo humezwa mara kadhaa kwa siku. Ile ya kutoka polepole kama Concerta XL hufika hadi saa 12, na Elvanse huweza kufika saa 13 au zaidi. Ukijaribu moja kwa wiki sita kwa dozi ya kutosha na usione faida, NICE inaruhusu kuhamia ile nyingine. Wapo ambao ya kwanza iliwafanya wawe kama mawe na ya pili ikawafungulia maisha, kwa hiyo usikate tamaa na kundi zima kwa sababu ya jina moja.

Kama vichangamshi havikufai, ipo atomoksetini, ambayo si kichangamshi na haimo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa. Hiyo inahitaji subira. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake, na hisia zako zifuatiliwe kwa karibu, hasa mwanzoni, kwa sababu baadhi ya watu hupata mawazo ya kujidhuru.

Jambo dogo linalowashtua watu: ganda la Concerta XL halisagiki tumboni. Ukiliona chooni limekaa kama kidonge kizima, dawa imeshatoka ndani yake, usimeze kingine. Na usikitafune wala kukivunja. Kapsuli ya Elvanse ndiyo inayoweza kufunguliwa na unga wake kukorogwa kwenye maji au mtindi.

Kabla ya kidonge cha kwanza watanipima nini?

Presha, mapigo ya moyo na uzito. Watauliza kama umewahi kuzimia ukifanya mazoezi, kuumwa kifua, au kama kuna mtu katika ukoo aliyekufa ghafla kwa moyo akiwa na umri chini ya miaka 40. Kipimo cha umeme wa moyo si cha lazima kwa kila mtu, ila kukiwa na sababu.

Nunua kipimo cha presha cha mkononi cha kufunga juu ya kiwiko. Wengi wetu tuna presha ya juu bila kujua, na vichangamshi huipandisha. Kaa kitako dakika tano, miguu sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kahawa kabla yake, bila kuongea. Wale wanaopima wakiwa wamesimama jikoni huku wanafokea watoto hupeleka kliniki namba za kutisha, na dozi yao husimamishwa bila sababu.

Dozi inatafutwaje hasa?

Unaanza chini na kupanda ngazi kwa ngazi hadi unapopata faida nzuri bila madhara yanayokushinda. Elvanse kwa mtu mzima kwa kawaida huanza na miligramu 30, wengine 20, na hupandishwa kwa 10 au 20 bila kuzidi mara moja kwa wiki. Kikomo ni 70. Concerta XL huanza na 18 na kupanda kwa 18. Zoezi zima mara nyingi huchukua wiki nane hadi kumi na mbili, na presha na mapigo hupimwa kila dozi inapobadilika.

Hakuna kipimo cha damu kitakachosema dozi yako ni ngapi. Haikadiriwi kwa unene wako, na haionyeshi ADHD yako ni kali kiasi gani. Mwanamume wa kilo 100 anaweza kutulia kwa 30, na dada yake mwembamba akahitaji 60. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kwenye makundi ya simu watu hushindana kwa namba, na aliye kwenye 30 hujiona hajafika. Kama 30 inakutosha, umefika.

Kwa kuwa kipimo ni wewe, andika. Si insha, mistari michache kila siku, kwa mfano:

"Jumanne. Miligramu 30, saa 1 asubuhi, baada ya mayai na mkate. Saa 3 kichwa kikatulia, nikajibu barua pepe zote. Mchana sikusikia njaa, nikala ndizi. Saa 10 jioni kichwa kiliuma, nikamfokea mtoto. Presha 126/80, mapigo 82. Nikalala saa 7 usiku."

Ukipeleka mistari kama hiyo ya siku saba, anayekuandikia dawa anaona mambo mengi kwa dakika moja: dawa inafanya kazi asubuhi, mtu hali chakula mchana, na hasira ya jioni huenda ni njaa kabla ya kuwa dawa. Ukienda na "sijui, nahisi iko sawa", atakisia, na wewe ndiye utakayemeza makisio yake.

Usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja. Wiki unayopanda dozi usianze pia mazoezi makali, kuacha sigara na kupunguza wanga. Wanawake waandike na siku za hedhi, maana wengi huona dalili zikiongezeka na dawa ikipungua nguvu siku chache kabla. Bila hiyo kumbukumbu, dozi hupandishwa kwa ajili ya wiki moja mbaya, halafu inakuwa kubwa mno kwa wiki tatu zinazofuata.

Nitajuaje dozi ni ndogo, sawa, au imezidi?

Ikiwa ndogo, unaona mwanga kidogo kisha unazimika, au huoni kitu kabisa. Ikiwa sawa, mara nyingi hutahisi kitu chochote cha ajabu. Unagundua tu kwamba umeosha vyombo bila vita, umesikiliza hadithi ya mtu hadi mwisho, umekumbuka miadi. Wanaongoja msisimko hukosea hapa. Ile furaha ya siku za mwanzo, unaposafisha nyumba nzima na kuwapigia simu ndugu wote, si dozi sahihi ikifanya kazi. Hupita, na ikipita watu hudhani dawa imeisha nguvu na kuomba ya juu.

Ikiwa imezidi: moyo unadunda, taya zimebana, mikono baridi, umeganda kwenye jambo moja kwa muda wa saa tatu, huna utani wala huruma, watoto wanakwambia umekuwa kama roboti. Waamini hao watoto. Mwombe uliye naye nyumbani aseme anachokiona, kwa sababu yeye anakuona kutoka nje.

Kukosa hamu ya kula, kinywa kukauka, kichwa kuuma na usingizi kusogea ni madhara ya kawaida, na mengi hupungua. Kula kabla ya kumeza, tena kitu cha protini: maharage, mayai, samaki. Usisubiri njaa mchana, kula kwa saa. Jioni dawa ikiisha wengine huporomoka kwa uchovu na hasira kwa saa moja hivi. Mwambie anayekuandikia, kwa sababu mara nyingine suluhisho ni kusogeza muda wa kumeza au kuongeza kidonge kidogo cha muda mfupi, si kupandisha dozi ya asubuhi.

Mambo haya hayangoji miadi: maumivu ya kifua, kuzimia, kuona au kusikia visivyokuwepo, mawazo ya kujiua, na kwa wanaume uume kusimama kwa saa nyingi bila kushuka. Piga 999 au nenda idara ya dharura. Na kama mapigo yanazidi 120 ukiwa umetulia, ijulishe kliniki siku hiyo hiyo.

Na miraa, kahawa, pombe?

Miraa, au mirungi, ina kathinoni, ambayo ni kichangamshi cha ukoo wa karibu na dawa hizi. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, lakini tunajua kwamba bado inapatikana, na ukienda Meru, Mombasa au Eastleigh ya Nairobi utawekewa mezani. Kuchanganya na Elvanse au methilfenideti ni kuusukuma moyo kutoka pande mbili. Mwambie mpimaji ukweli kama unatafuna. Hayuko pale kukushtaki, na akijua historia yako ataielewa: watu kadhaa waligundua wakiwa wakubwa kwamba miraa ilikuwa ikiwatuliza badala ya kuwachangamsha.

Kahawa na chai ya rangi nzito, punguza wakati wa kupanda dozi, la sivyo hutajua kilichokuzuia kulala. Pombe ni hatari ya aina nyingine: dawa huficha ulevi, mtu akanywa kupita kiasi chake bila kuhisi.

Nafunga Ramadhani. Itakuwaje?

Kwanza, kama unaweza, usianze kutafuta dozi ndani ya mwezi huo. Usingizi umekatika, chakula kimehama, na hutaweza kusoma dalili zako.

Kama dozi yako imeshatulia, dawa ya kutwa mara moja humezwa kwenye daku. Miaka hii Ramadhani ikiangukia Februari na Machi, mfungo wa London ni wa takriban saa 13, kwa hiyo Elvanse ya saa 10 na nusu alfajiri inaweza kukufikisha karibu na futari. Ile ya kumezwa mara tatu kwa siku haitawezekana, mwombe daktari akubadilishie mapema. Angalia kichwa kuuma na kukauka kwa maji mwilini, kunywa maji ya kutosha usiku, na jilazimishe kula futari hata kama hamu haipo. Ukiona mwili unakataa, ongea na daktari na sheikh wako. Ruhusa ya mgonjwa ipo.

Dawa hizi si ni za kulevya?

Ni dawa zinazodhibitiwa kisheria, kwa sababu zinaweza kutumiwa vibaya. Kwa dozi ya tiba, ukimeza ulivyoandikiwa, hali ni tofauti kabisa na mtu anayesaga na kunusa. Kama umewahi kuwa na uraibu, sema. Kuna dawa ngumu zaidi kutumia vibaya, na ipo atomoksetini.

Kwa sababu ya udhibiti huo, cheti cha kulipia huko England huandikwa kwenye fomu maalum ya rangi ya waridi, na duka la dawa linahitaji karatasi yenyewe, si picha yake. Huisha siku 28 baada ya tarehe iliyoandikwa. Ikichelewa posta, umekwama. Agiza mapema, si siku ya kidonge cha mwisho. Septemba 2023 serikali ilitoa tahadhari ya kitaifa kuhusu uhaba wa dawa za ADHD, na waliokuwa na akiba ya wiki moja walihangaika kidogo kuliko wengine. Likitokea tena, muulize mfamasia nini kipo kabla kliniki haijakuandikia kisichokuwepo.

Dozi imepatikana. Sasa GP amekataa kuendelea nayo. Nimekwisha?

Hapa ndipo wengi hulia. Mpango wa kawaida ni makubaliano ya matibabu ya pamoja: kliniki inabaki kuwa msimamizi, GP anaandika dawa kwa bei ya NHS, presha na uzito hupimwa kila miezi sita, na mtaalamu hukupitia mara moja kwa mwaka. GP halazimiki kukubali.

Akikataa, uliza sababu kwa maandishi. Kama ni ripoti haina kitu fulani, kliniki inaweza kuijaza. Kama ni msimamo wa kituo dhidi ya kliniki zote za kulipia, unaweza kuomba rufaa ya haki ya kuchagua ili dawa zako zihamie NHS kwa njia hiyo, au kuhamia kituo kingine baada ya kuwauliza kwanza. Wakati huo endelea na kliniki, usikate dawa kwa hasira. Na ndiyo maana nilisema juu: mpigie GP kabla ya kulipa, na hifadhi jibu lake.

Naruhusiwa kuendesha gari?

Ndiyo, kama uko salama. Unatakiwa kuijulisha DVLA, mamlaka ya leseni za udereva, ikiwa ADHD au dawa inaathiri uendeshaji wako. Amfetamini ina kikomo cha kisheria katika damu, lakini sheria inamlinda aliyeandikiwa na kuitumia kama alivyoelekezwa, mradi uendeshaji wake haujaharibika. Weka nakala ya cheti kwenye gari.

Nasafiri kwenda nyumbani kupitia Dubai au Doha.

Usifunge begi kabla ya kuuliza ubalozi wa kila nchi utakayokanyaga, hata kama unabadilisha ndege tu. Nchi za Ghuba ni kali sana juu ya dawa hizi, na Falme za Kiarabu zinataka kibali cha wizara yao ya afya kabla ya kufika. Kwa Tanzania waulize TMDA, mamlaka ya dawa, kwa Kenya Bodi ya Famasia na Sumu. Upande wa Uingereza, beba barua ya aliyekuandikia yenye jina lako, tarehe za safari, dawa na dozi. Ukibeba ya miezi mitatu au zaidi unahitaji leseni. Dawa zikae kwenye maboksi yake yenye lebo ya jina lako, ndani ya begi la mkononi. Usizimimine kwenye kikopo cha vitamini kuokoa nafasi.

Binamu yangu Nairobi ana dalili kama zangu. Naweza kumpelekea zangu kidogo?

Hapana. Najua swali linatoka kwenye upendo, lakini ni kosa la jinai pande zote mbili, na hujui moyo wake ukoje. Msaidie kwa njia nyingine: mlipie miadi na daktari wa akili. Kenya ipo hospitali ya taifa ya Mathari na madaktari binafsi. Tanzania ziko Muhimbili na Mirembe ya Dodoma. Uganda iko Butabika. Wataalamu wa ADHD ya watu wazima ni wachache na dawa hazipatikani kila mahali. Maombi ya kuingiza methilfenideti kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa mwaka 2019 na tena 2021, na nchi nyingi huifuata orodha hiyo zinaponunua. Kwa hiyo kabla hajafunga safari, apige simu aulize mambo mawili: kama daktari anawaona watu wazima wenye ADHD, na ni duka gani mjini lina dawa hiyo mwezi huu.